WINCHI IPI IFAAYO? SUALA SI UZITO TU

Mwaka huu sitaandika ngano wala insha ya methali. Sisi wa kidato cha tatu tumefundishwa katika Fizikia mada ya kazi, kawi na mashine, nami nimeona vyema nieleze kwa Kiswahili jambo ambalo vitabu vyetu huligusa juu juu tu, yaani jinsi ya kuchagua winchi ya kuinulia mizigo mizito. Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza: usione vyaning'inia, vimechaguliwa.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na njia yangu ya kurudi nyumbani hupitia gereji ya jua kali ya baba mdogo na wenzake watatu hapa Nyeri. Wao huinua injini kwa chenibloki, ile mashine ya mnyororo unaovutwa kwa mkono, iliyotundikwa kwenye miguu mitatu ya mabomba. Wamechanga pesa kwa miaka miwili ili wanunue winchi ya stima, na kila jioni hubishana. Mmoja wao husema, "Tuchukue ya tani mbili, basi, tumemaliza." Ati tumemaliza! Hapo ndipo maswali huanzia.

Uzito ni muhimu, sikatai. Injini ya matatu ni kama kilo 200, ya lori huweza kufika nusu tani. Lakini hilo ni swali rahisi kwa kuwa jibu lake limeandikwa ubavuni mwa winchi. Swali gumu ni hili: itafanya kazi mara ngapi kwa saa, na itapumzika lini? Mota hupata joto kila inapoinua, na mota ya winchi haikuundwa izunguke kutwa kama ile ya poshomili. Kwenye kibati chake utaona herufi S3 pamoja na asilimia. S3 asilimia 40 maana yake ni kwamba katika kila dakika 10 mota ifanye kazi kwa dakika 4, kisha ipoe kwa dakika 6. Winchi nyingi ndogo za bei nafuu zinazotumia stima ya nyumbani ya volti 240 huwa ni za asilimia 20, yaani dakika 2 kazi, dakika 8 kupumzika. Mtu wa mjengo akiinunua ili apandishe simiti hadi ghorofa ya tatu tangu asubuhi hadi jioni, itaungua kabla ya slabu kukauka.

Winchi hizo zina mtego mwingine. Utakuta moja imeandikwa kilo 200/400 na mita 12/6. Mnunuzi huona 400, huona 12, akatoa pesa. La hasha! Kwa waya mmoja utainua kilo 200 hadi mita 12. Ukitaka kilo 400 ni lazima uongeze kapi kwenye ndoano ili waya uwe wa mara mbili, na hapo kimo hushuka kuwa mita 6 na mwendo huwa nusu. Huu ndio uwiano tuliofunzwa darasani: ukiongezewa kani, utalipa kwa umbali. Mwalimu alipouchora ubaoni niliudhani ni wa mtihani tu.

Sasa, mnyororo au kamba ya chuma? Winchi ya mnyororo ni fupi, haihitaji nafasi kubwa, na ndoano yake hupanda wima pale pale. Hii ndiyo ifaayo penye paa la chini na mzigo usiozidi tani chache. Chukua mfano wa viwanda vya majani chai, ambavyo kwetu viko kama Chinga na Iriaini kule Othaya. Mashine za kukatia majani zina rola nzito zenye meno, na meno hayo yakiwa butu sharti rola itolewe ikanolewe. Kwa kazi kama hiyo, winchi ya mnyororo yenye mwendo wa aina mbili, wa haraka na wa polepole, inatosha kabisa. Ule wa polepole ndio unaoketisha rola mahali pake bila kugonga chuma cha jirani.

Kamba ya chuma ni ya mizigo mikubwa na vimo virefu. Katika vituo vya stima vya mto Tana, kama Kindaruma kilichoanza mwaka 1968 na Gitaru cha 1978, mitambo ni mizito mno, na kreni ya juu hutembea kwenye reli zake ikiwa na kamba za chuma. Ajabu ni kwamba kreni ya namna hiyo huweza kukaa siku nyingi bila kuinua kitu, ikingojea matengenezo. Ina uzito mkubwa, kazi chache.

Tuje kwa stima yenyewe. Kuinua tani moja kwa mwendo wa mita 4 kwa dakika ni kani ya nyutoni 10,000 mara mita 4, gawanya kwa sekunde 60. Jibu ni wati 667 hivi, hata hospawa moja haifiki! Gia na msuguano hula sehemu yake, kwa hivyo mota halisi huwa kubwa kidogo. Ukitaka mwendo maradufu, nguvu nayo ni maradufu, na kwa winchi kubwa utahitaji fezi tatu, volti 415, ambazo gereji nyingi hazina. Isitoshe, stima zetu hupotea. Usiogope kwamba mzigo utaanguka, kwani breki ya winchi nzuri hubanwa na springi na huachiliwa na stima. Stima ikipotea, breki hushika. Lakini injini itabaki hewani hadi zirudi, na mwenye gari amesimama pale akiangalia saa.

Penye mvuke wa petroli au rangi, winchi ya hewa ni salama zaidi kwa sababu mota yake haitoi cheche. Tatizo ni kompresa. Ile ndogo ya kujazia magurudumu haiwezi.

Nilimuuliza baba mdogo, "Kwa wiki mnainua injini ngapi?" Akajibu, "Tatu. Nne zikiwa nyingi." Kwa maoni yangu, watu wa injini nne kwa wiki hawahitaji winchi ya stima. Wanunue chenibloki mpya ya tani mbili, na pesa zitakazobaki zijenge fremu ya boriti za chuma yenye toroli juu, maana winchi haina nguvu kuliko kile kilichoishikilia. Mabomba yale matatu ndiyo yanayonitia hofu. Baba mdogo amekubali. Wenzake bado wanaitamani ya stima.

Yoyote watakayonunua, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka minyororo, kamba na vifaa vya kuinulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa angalau kila miezi sita. Katikati ya ukaguzi, fundi mwenyewe atazame ndoano kila asubuhi. Mdomo wake ukianza kupanuka, ilishabeba kupita kiasi, na dawa yake si kuigonga kwa nyundo irudi. Hutupwa.