Simu ya Marekani, laini ya Bongo

Simu iliyotoka Marekani, iwe zawadi ya mjomba au used ya Kariakoo, huulizwa swali moja tu: imefunguliwa? Swali ni zuri, ila halitoshi. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni moja ya Marekani inaweza kukukatalia kwa sababu mbili tofauti kabisa, na fundi ana uwezo juu ya moja tu. Hata hiyo si mara zote.

Ya kwanza ni kufuli la programu. Kila laini hubeba namba ya ndani ya hadi tarakimu 15, ambayo mwenye laini kwa kawaida haioni. Tatu za mwanzo hutaja nchi: 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya, 310 ni mojawapo ya zile za Marekani. Zinazofuata hutaja kampuni. Namba ya laini ya Vodacom Tanzania huanza na 64004. Ya T-Mobile ya Marekani, 310260. Simu iliyofungwa husoma tarakimu hizo, na zisipolingana na za kampuni iliyoiuza, inagoma. Mnara hauna kosa lolote.

Kampuni hufunga kwa sababu mteja amechukua simu ya bei kali na anailipia kidogo kidogo. Kanada ilipiga marufuku ufungaji huo Desemba 2017, Uingereza Desemba 2021. Marekani, sheria ya 2014 ilimruhusu mteja kufungua simu yake, lakini haikuzuia kampuni kuziuza zikiwa zimefungwa.

Zamani fundi aliingiza namba ya siri, kazi ikaisha. iPhone haina namba hiyo: hali ya kufuli lake imeandikwa kwenye seva za Apple kufuatana na IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, na kampuni iliyoiuza ndiyo yenye kuidhinisha ifutwe. Ndiyo maana mafundi hupachika kichipu chembamba chini ya laini ili kuidanganya simu. Hufanya kazi, mpaka siku programu itakaposasishwa. Muuzaji akikuambia "usi-update", ameshakujibu.

Sababu ya pili ni redio, na hapa hakuna namba ya siri wala ujanja. Ndani ya simu kuna vichujio, vipande vidogo kuliko punje ya mchele, kila kimoja kikipitisha masafa yake tu. Kama kichujio cha masafa fulani hakikuwekwa kiwandani, hutakipakua kwenye intaneti. Minara yetu ilifuata mpangilio wa Ulaya: 2G kwenye megahezi 900 na 1800, 3G kwenye 900 na 2100. Marekani walijenga kwenye 850 na 1900. Kwenye 4G, Safaricom ya Kenya na wenzake hutumia pia megahezi 800, zinazoitwa bendi ya 20, ambazo mitandao ya Marekani haitumii.

Bendi hiyo ina uzito wake. Wimbi la megahezi 800 lina urefu wa sentimita 37 hivi, la 1800 kama 17. Wimbi refu hufika mbali zaidi na hupenya ukuta vizuri zaidi, kwa hiyo ndilo linalofaa vijijini. Simu isiyo na bendi ya 20 inaweza kukimbia vizuri mjini kwenye 1800, halafu ukifika shambani ikashuka hadi herufi E ya 2G, na bando lako likabaki pambo. Simu za bei ya juu siku hizi hubeba bendi nyingi za dunia. Zenye matatizo zaidi ni zile za bei nafuu zilizotengenezwa kwa kampuni moja.

Kuna pia suala la tundu la laini. iPhone 4 ya Verizon ya 2011 haikuwa na tundu la laini kabisa, kwa kuwa mtandao wake haukuihitaji. Tangu iPhone 14 ya 2022, iPhone za Marekani hazina tena, safari hii kwa sababu ya eSIM, laini iliyo ndani ya simu yenyewe. Mwenye laini ya plastiki ajue hivyo mapema.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, usiridhike na jina la simu. Soma namba ya modeli. Samsung Galaxy inayoishia na U, kwa mfano, ni ya Marekani. Tafuta bendi za modeli hiyo hasa. Kwenye iPhone, fungua mipangilio uone kama imeandikwa "No SIM restrictions". Kisha weka laini yako mwenyewe, piga simu, washa data. Muuzaji akikukataza kufanya hivyo, mrudishie simu yake.