Wino wa Mbegu

Mwaka 1871 mzungu David Livingstone alikaa hapa Nyangwe zaidi ya miezi mitatu. Alitaka kuvuka Lualaba, asipate mtumbwi. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Basi alichukua gazeti kuukuu, akaligeuza upande, akaandika mahangaiko yake juu ya maneno yaliyopigwa chapa. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mmea. Akichoka kungoja, alikwenda sokoni kutazama watu. Hilo lilimfurahisha sana.

Tarehe 15 Julai watu wa wafanya biashara ya watumwa waliwapiga bunduki watu wa soko hilo. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni. Hayo pia aliyaandika. Wino ule ulififia, lakini mwaka 2011 wataalamu waliusoma kwa mianga ya namna ya pekee.

Wewe nawe, usingizi ukikosekana, andika linalokusumbua: hesabu iliyokushinda, ugomvi na ndugu yako, homa ya mama. Jambo lisiloandikwa huzunguka kichwani usiku kucha, maana unaogopa kulisahau. Likiandikwa, kichwa hupumzika. Asubuhi utaona lipi la kutengeneza kwanza, na lipi la kumwambia baba.

Huna karatasi? Andika kwa mwiba juu ya jani la mgomba. Ngoja kidogo, herufi zitakolea.