Filamu zetu zisiishie Cannes, zifike na Annexe

Anayeishi komini Annexe ya Lubumbashi anawajua wasukuma baiskeli za makala. Alfajiri wanaingia mjini kwa barabara ya Kasenga, ya Likasi na ya Kipushi, magunia yamewapita kimo, miili imelala mbele kwa uzito. Tunawapisha, tunauliza bei ya gunia, kila mtu anashika njia yake. Filamu ya kwanza ninayotaka kuizungumzia haikuwapita hivyo. Imemfuata mwenzao mmoja tangu mti unapoangushwa mpaka gunia la mwisho linapouzwa.

Filamu hiyo inaitwa Makala, jina tunaloupa mkaa hapa Katanga. Mtengenezaji wake, Mfaransa Emmanuel Gras, alishika kamera mwenyewe, na mwaka 2017 ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes. Kabwita Kasongo, kijana wa kijiji cha Walemba, anaukata mti mkubwa kwa shoka, anafukia magogo kwa udongo, anachoma, kisha anasukuma baiskeli kama kilomita 50 hadi Kolwezi. Malori yanamfunika kwa vumbi. Njiani wapo watu wanaodai chao kabla hajapita. Anataka kuwajengea mke na watoto wake nyumba, lakini akiuliza bei ya mabati mjini anaona jasho lote lile halitoshi.

Naiweka juu ya zote kwa sababu inampa mtu huyu muda. Mlima anaoupanda kwa shida, na sisi watazamaji tunaupanda kwa shida, bila njia ya mkato. Kasoro yake ni kwamba haiulizi kwa nini mji unahitaji makala yake. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700, ilianza kazi mwaka 1982 ili kulisha migodi ya shaba. Kabwita anapeleka makala kwenye mji huohuo ambao umeme wa mto Kongo umevushwa nchi nzima kuufikia, kwa kuwa majiko ya wananchi yanaendelea kungoja. Neno moja tu juu ya jambo hilo lingeipa filamu hii nguvu maradufu.

Filamu ya pili ni Augure ya Baloji, mwanamuziki mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji. Mwaka 2023 ilipata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard, kulekule Cannes. Koffi, anayechezwa na Marc Zinga, anarudi nyumbani na mchumba wake Mzungu mwenye mimba. Alizaliwa na alama usoni, na ukoo ukamhesabu mchawi. Siku ya kuonana na ndugu anapewa mtoto mchanga ampakate, pua inamtoka damu, tone linamwangukia mtoto, na karamu inageuka kuwa mahakama. Hapo ukumbi wote unashusha pumzi, maana hakuna kati yetu asiyejua familia iliyowahi kumtupia mmoja wao lawama ya namna hiyo. Mavazi na rangi zake zinastahili sifa zote. Malalamiko yangu ni kwamba hadithi inagawanywa kwa watu wanne, na mama yake Koffi, mwenye uchungu mzito kuliko wote, anapewa nafasi wakati filamu inakaribia kwisha.

Ya tatu ni Soundtrack to a Coup d'Etat ya Mbelgiji Johan Grimonprez, iliyotoka mwaka 2024 na kuteuliwa kuwania Oscar. Inaunganisha muziki wa jazi, Umoja wa Mataifa na kuuawa kwa Waziri Mkuu Lumumba. Tunaona jinsi Louis Armstrong alivyotumwa kuzunguka Afrika mwaka 1960 huku mipango ya kumwangamiza Lumumba ikiendelea. Ni kazi ya utafiti mkubwa. Hata hivyo, Lumumba aliletwa hapa kwetu tarehe 17 Januari 1961, ndege yake ikatua Luano, uwanja tunaoutumia mpaka leo, na usiku uleule akauawa. Ningependa kuwasikia zaidi wazee wa mji huu katika filamu hiyo.

Tusidhani kwamba kazi nzuri lazima itoke kwa wageni au kwa walio ughaibuni. Frank Mukunday na Tétshim, vijana wa Lubumbashi waliojifunza wenyewe, walitoa Machini mwaka 2019. Ni katuni ya dakika kama kumi, iliyotengenezwa kwa vijiwe na chaki, kuhusu mji unaomezwa na viwanda vya madini. Sijaona hotuba ya mazingira iliyonigusa kama vijiwe vile.

Ninachodai ni kwamba filamu hizi ziwafikie wenyewe. Makala inazungumza Kiswahili chetu, na mama ambaye hakusoma anaweza kuifuata mwanzo hadi mwisho. Filamu ya Grimonprez imejaa Kiingereza, Kifaransa na Kirusi, lakini hilo lina dawa: nchini Kenya, DJ Afro amejijengea jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na watu wanajaa kumsikiliza.

Kwa hiyo nawaomba mapadri, wachungaji na wakuu wa shule wa Annexe: kumbi mnazo, viti mnavyo. Waandikieni wenye haki za filamu, tafuteni projekta na jenereta, mpeni kipaza sauti kijana anayejua kusimulia, na muwaalike wasukuma baiskeli wakae safu ya mbele. Wao ndio wahakiki wa kwanza wa Makala, na maoni yao bado hatujayasikia.