Hadaa ya Macho katika Kanisa la San Satiro

Katika mji wa Milano, kaskazini ya Italia, limo kanisa liitwalo Santa Maria presso San Satiro, na kila aingiaye kwa mlango wake mkuu huona nyuma ya altare ukumbi mrefu wa matao, wenye dari la mviringo lililonakishiwa kwa dhahabu, ambao kwa kadiri ya macho waenda ndani yapata mita tisa au zaidi; kumbe kina chake chote hakitimii hata mita moja.

Mahali hapo palikuwapo tangu karne ya 9 kanisa dogo la Satiro, nduguye Mtakatifu Ambrogio, na hapo ilikuwapo picha ya Bikira Maria ambayo, kwa riwaya za wenyeji, ilitoka damu mwaka 1242 ilipochomwa kisu. Mwishoni mwa karne ya 15, zama za watawala wa ukoo wa Sforza, ilikusudiwa kuijengea picha hiyo kanisa la fahari, na katika kazi hiyo akaingia Donato Bramante, aliyezaliwa mwaka 1444 karibu na Urbino, naye alikuwa mchoraji kabla hajawa bingwa wa ujenzi. Kuba aliyoijenga katikati ilitaka mikono minne ya jengo kuizunguka, lakini upande wa nyuma ulipita mtaa ambao haukuweza kuzibwa, basi mkono wa nne ukakosa ardhi.

Hapo ndipo elimu ya handasa ilipomfaa. Filippo Brunelleschi wa Firenze alikwisha kudhihirisha, na Leon Battista Alberti akaandika mwaka 1435, kwamba mistari iliyo sambamba, ikielekea mbali, huonekana kukutana katika nukta moja iliyo sawa na jicho la mtazamaji, mfano wa minazi iliyopandwa safu mbili kando ya njia. Bramante akaipinda kanuni hiyo ya wachoraji ikawa ujenzi: kwa udongo uliochomwa na lipu, vikatiwa rangi na dhahabu, alifanya kila tao liwe dogo kuliko lililotangulia, akaviminya vishubaka vya dari, na nakshi za kuta za kweli akaziendeleza pasipo kukatika hadi ndani ya zile za hadaa. Tena umbali ulimsaidia, kwani macho yetu mawili hupambanua kina vizuri kwa kitu kilicho karibu, na kadiri kitu kiwavyo mbali tofauti ya picha zake mbili hufifia, akili ikabaki kutegemea ukubwa na mielekeo ya mistari.

Wako waiitao kazi hii mchezo wa macho. Mimi naona hawakuitendea haki, maana pasipo mkono huo wa nne kuba ingekosa mizani, na kanisa zima lingeonekana kama lililokatwa kwa msumeno. Bramante huyuhuyu ndiye aliyechora baadaye ramani ya kanisa jipya la Mtakatifu Petro mjini Roma, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1506.

Basi msomaji atakayejaaliwa kufika Milano asiikimbilie altare. Asimame kwanza mlangoni, katikati hasa, kisha asogee polepole kuelekea kando, na atayaona matao yakipotoka na kujikunja mbele yake hadi ukuta udhihirike.