Saa mbili asubuhi ikigonga mara mbili

Katika Braid, mchezo wa mafumbo wa kompyuta uliotoka mwaka 2008, mchezaji akikosea anarudisha wakati nyuma. Lakini vitu vinavyong'aa kijani havirudi. Ufunguo wa aina hiyo ukishachukuliwa, unabaki mkononi.

Wazazi wa Mtwara wanaokemea michezo hiyo wana fumbo kama hilo mlangoni. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mtoto mwenye malaria anameza dawa ya mseto saa mbili asubuhi, kisha familia inavuka Ruvuma kutoka Kilambo saa mbili na nusu. Ng'ambo, simu inayojirekebisha inasoma saa moja na nusu. Baada ya dakika 30 kengele ya kila siku inaweza kulia tena, na shangazi asiyejua akampa mtoto dozi nyingine.

Saa imerudi, kidonge hakijarudi. Ni cha njano, lakini kwa kanuni za Braid ni kijani kabisa.

Dozi ya pili ya mseto hutolewa zikipita saa 8 tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, hadi zitimie 6 kwa siku tatu. Basi hesabu tangu mtoto alipomeza. Kila dozi iandikwe kwa kalamu kwenye pakiti, na simu izuiwe kujibadilisha saa kabla ya kuvuka.