Chaja ya taratibu hurefusha maisha ya betri

WILAYA za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zilitegemea kwa miaka mingi jenereta za dizeli za TANESCO, nje ya gridi ya Taifa. Mahali umeme unapokatika, chaja inayojizima kwa kuhesabu saa tu haifai, hata ikiwa rahisi: umeme ukirejea huanza hesabu upya, ikazidi kuchaji betri zilizokwisha kujaa. Joto linalotokea ndilo huziua.

Betri ya nikeli ya tochi au redio, yenye miliampea-saa 2,000, huchajiwa kwa upole kwa miliampea 200, saa 14 hadi 16. Bora zaidi ni chaja inayopima kila betri peke yake na kujizima ikijaa. Betri za kawaida zisichajiwe kamwe, zaweza kupasuka.