Habari za Siku Nyingi: Kusimulia Miezi ya Safari kwa Kiswahili, Kutoka Gatitu Hadi Tanga

Utangulizi

Mwanafunzi akiondoka Gatitu, kiungani mwa mji wa Nyeri, akakaa ugenini miezi minne kisha akarejea, salamu ya kwanza atakayopokea ni "Umepotea sana!" Naye, kwa mazoea, atajibu "Niko tu." Kwa maneno hayo mawili miezi minne hufungwa pamoja na yote yaliyomo: njia, wenyeji, chakula, maradhi, masomo na misiba. Wazazi watayapata baadaye kwa Gikuyu, marafiki watayapata kwa Sheng au kwa Kiingereza katika ujumbe wa simu, na Kiswahili, lugha ambayo mwanafunzi huyo anaisomea shahada, kitabaki kuwa lugha ya kutahiniwa.

Makala haya yanadhamiria kueleza kuwa kusimulia habari za miezi na safari ni utanzu wenye kanuni na historia yake katika Kiswahili. Yataangalia kwanza nafasi ya salamu, kisha waandishi waliotutangulia, kisha sarufi inayobeba masimulizi ya aina hii. Mifano itatoka katika barua niliyomwandikia mwenzangu tuliyesoma naye shahada ya kwanza, ambaye sasa anafundisha shule ya upili karibu na Gatitu, nilipokuwa Tanga kwa shughuli za utafiti.

Salamu kabla ya Habari

Msomaji yeyote wa barua za Kiswahili atakuwa amegundua kuwa jibu la "Habari?" ni "Njema" au "Nzuri" hata pale ambapo habari si njema. Wageni wa lugha hii huiona desturi hiyo kuwa ni uongo wa adabu. La hasha. "Njema" hufungua mlango tu. Yaliyomo ndani hufuata baada ya mgeni kuketi. Ndiyo maana twasikia "Habari njema, ila..." Neno hilo "ila" ndilo bawaba ya mlango wenyewe.

Barua za Kiswahili zilifuata mpango huohuo. Mwandishi hutaja mahali na tarehe, hutoa salamu, hueleza hali yake ya afya na kuulizia ya mwenziwe, na hapo ndipo husema "ama baada ya salamu" na kuingia katika jambo lililomfanya ashike kalamu. Mpango huo una hekima. Msomaji akishajua kuwa mwandishi ni mzima, huweza kuisoma habari ya homa, ya njaa au ya msiba bila kupigwa na bumbuazi. Katika ujumbe mfupi wa simu utaratibu huu umekatwa, na mara nyingi habari nzito hutufikia bila kubisha hodi.

Waliotutangulia

Si kweli kwamba masimulizi ya safari ni zao la Wazungu. Mnamo 1901 Carl Velten, aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin, alichapisha mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Ndani yake Waswahili wenyewe wanasimulia safari zao. Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari yake ya bara, naye Salim bin Abakari anaeleza safari ya 1896 iliyomfikisha Urusi na Siberia. Tukumbuke kwamba waliandika kwa kuhimizwa na Mjerumani na katika zama za utawala wa Wajerumani, kwa hiyo hatuna budi kujiuliza ni mangapi waliyaacha. Hata hivyo, lugha ni yao. Salim alilazimika kuifanya baridi ya Siberia ieleweke kwa maneno ya mwambao.

Aidha, tuna maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki 1905. Aliyaandika kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na Heinrich Brode akayatoa kwa hati za Kilatini. Masimulizi hayo yamejaa masafa, majina ya watawala na biashara ya pembe na watumwa, na msomaji wa leo hayasomi bila kuguswa na ukatili uliomo. Baadaye Martin Kayamba wa Tanga, aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge, aliandika Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Tazama kichwa hicho: kuona na kutenda, vyote katika nafsi ya kwanza wingi. Mwafrika hapa ndiye anayeitazama Ulaya.

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu ni Shaaban Robert. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa 2002. Hizi hazikukusudiwa kuwa fasihi. Ni habari za jamaa, za kazi na za miswada ya vitabu, kutoka kwa mtu ambaye kazi ya serikali ilimtenga na nduguye. Lakini anayetaka kujua mwandishi huyo alivyoishi siku baada ya siku atajifunza mengi humo kuliko katika uhakiki mwingi.

Nasi wa mlimani hatukukosa mtangulizi. Gakaara wa Wanjau, aliyeendesha uchapishaji wake Karatina, alitiwa kizuizini wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Miongoni mwa mahali alipozuiliwa ni kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Shajara ya siku hizo ilichapishwa kwa Gikuyu mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Noma ya 1984. Alichagua lugha ya mama, nayo ilikuwa haki yake. Ninamtaja kwa sababu mbili: kwanza, alithibitisha kuwa habari za miezi ya mtu wa Nyeri zinastahili kitabu, pili, aliziandika akiwa katika mwambao wa Waswahili.

Sarufi ya Njia

Sasa na tuingie katika lugha yenyewe. Hii hapa ni sehemu ya barua yangu:

"Nilitoka Gatitu alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mibuni. Nikapanda matatu, tukapita Karatina wachuuzi wakipanga bidhaa zao, tukateremka hadi Sagana, tukaipita Thika, hata saa nne tukaingia Nairobi. Jioni nikapanda basi la Mombasa. Kulipokucha nikavuka kivuko cha Likoni, nikashika njia ya kusini, tukagonga mihuri mpakani kati ya Lunga Lunga na Horohoro, na alasiri nikawa Tanga."

Kitenzi cha kwanza kina kiambishi -li-. Vinavyofuata katika mlolongo vina -ka-. Hii ndiyo kanuni kuu ya masimulizi: -li- hupiga kigingi katika wakati uliopita, na -ka- huvuta kamba kutoka kwenye kigingi hicho. Wengi wetu huandika "nilitoka, nilipanda, nilipita, nilifika", tukiunganisha kwa "halafu" na "baadaye". Sentensi hizo ni sahihi, lakini kila tendo husimama peke yake. Kwa -ka-, tendo moja huzaa jingine, na msomaji husafiri pamoja na msimulizi.

Kiambishi -ki- kina kazi tofauti. "Ukungu ukiwa umelala" na "wachuuzi wakipanga" ni matendo yanayoendelea kandokando ya njia huku msafiri akipita. Bila -ki- safari huwa orodha ya vituo. Nayo -po- ya wakati, kama katika "kulipokucha", hutenga siku na siku, ilhali "hata" huashiria kwamba muda umepita hadi kufikia kikomo fulani. Pale msimulizi anapoacha njia na kueleza mazoea, hu- huingia: "Jioni wenyeji huketi barazani." Na anaporejea katika hali ya sasa ya kuandika, hutumia -me-: "Homa iliyonishika mwezi wa Mei imeniacha."

Lipo pia suala la viashiria. Aliye Tanga huandika "huku Tanga" na "huko Gatitu", kwa maana huku ni kwake na huko ni kwa anayeandikiwa. Mahali palipo mbali na wote wawili, tuseme Mombasa, ni "kule". Siku atakaporejea nyumbani, huku na huko hubadilishana nafasi. Msomaji makini huweza kujua kwa viashiria hivyo peke yake mwandishi amesimama wapi, na pengine moyo wake umebaki wapi.

Maneno Yanayovuka Mpaka

Habari ya safari husomwa na watu wa pande mbili: wale ulioachana nao na wale uliowakuta. Hapa msamiati hudai uangalifu. Matatu ya Nyeri ni daladala Tanga. Mboga ya Nyeri ni ya majani, ilhali Tanzania samaki au nyama inayoliwa kwa ugali nayo huitwa mboga. Na neno zito kuliko yote ni bibi. Kwa wengi nchini Kenya bibi ni mke. Tanzania bibi ni mzaa baba au mzaa mama, yule ambaye sisi twamwita nyanya. Nyanya kwa Watanzania ni tunda la kuungia mchuzi.

Tofauti hizi hutajwa darasani kwa kicheko. Kwangu zilikuja kwa njia nyingine. Katika mwezi wa tatu wa kukaa kwangu Tanga, simu ilipigwa kutoka Gatitu kunijulisha kwamba mama yake mama amefariki. Mazishi yalikuwa ya siku ya tatu, na sikuweza kuyawahi. Mama mwenye nyumba niliyopanga aliniona nikikaa kimya barazani, akaniuliza. Nikasema, "Nimeondokewa na bibi, mzaa mama." Akasema, "Pole mwanangu," akaketi nami hadi adhana ya magharibi. Usiku ule nilimwandikia mwenzangu: "Habari za huku ni njema, ila nimeondokewa na nyanya." Msiba ni mmoja, na maneno mawili yamehitajika ili kila upande uniambie pole.

Tulitazame neno hilo, kuondokewa. Mzizi ni kuondoka. Kauli ya kutendea imeongezwa, kisha kauli ya kutendwa, hata mtendwa akawa yule aliyebaki. Kufiwa kumeundwa vivyo hivyo kutokana na kufa. Kiswahili hakimwachii marehemu kitenzi peke yake. Humweka aliyebaki kuwa kiima na kumpa uzito wa tendo. Mimi ndimi niliyeondoka Gatitu, nikiwa na mkoba na tikiti. Sarufi ilinikumbusha kwamba mwenye kuondoka naye huweza kuondokewa. Sijapata darasa la mnyambuliko wa vitenzi lililoniingia kama lile.

Kwa Nini Tuandike

Huenda mtu akauliza: kuna faida gani kwa mwanafunzi kuandika mambo yake madogo? Jibu la kwanza ni la kihistoria. Habari za mlima wetu zilifika Ulaya kwa kalamu ya Ludwig Krapf, aliyeuona mwaka 1849 akiwa Ukambani. Krapf huyohuyo ndiye aliyetunga kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882. Tangu hapo Nyeri imesimuliwa sana na wageni, wapanda mlima, walowezi na watalii, na kwa sehemu kubwa imesimuliwa kwa lugha za kwao. Mwenyeji akiendelea kujibu "Niko tu", wengine wataendelea kumsimulia.

Jibu la pili ni la lugha. Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mbali na kuwa lugha ya taifa. Lakini lugha haiishi kwa vifungu vya sheria. Huishi pale mtu anapoitumia kusema kwamba alikuwa na njaa, kwamba alichekeshwa, kwamba alifiwa. Barua niliyoiandika kwa Gikuyu ingesomeka Gatitu isisomeke Tanga. Ya Kiswahili imesomwa na mwalimu mwenzangu chini ya mlima, na ningeweza kumsomea yule mama wa Tanga akaifuata mwanzo hadi mwisho. Sijui lugha nyingine ninayoimudu iwezayo kuwaketisha hao wawili katika baraza moja.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba habari ya miezi na safari ina mwanzo wake katika salamu, ina uti wake katika -li- na -ka-, ina macho yake katika -ki-, na ina busara yake katika kuchagua neno linaloeleweka na msomaji. Yameonyesha pia kuwa waandishi kama Salim bin Abakari, Kayamba na Shaaban Robert walikwisha kutufungulia njia.

Wanafunzi wenzangu wanaporudi kutoka likizo, mafunzo ya ualimu au utafiti wa nyanjani, waandike ukurasa mmoja: wametoka wapi, wamepita wapi, wamekuta nini, na nini kimebadilika nyumbani wakiwa mbali. Nao wahadhiri wetu waukubali ukurasa huo kuwa zoezi halali la utungaji na sarufi. Chama nacho kiutengee nafasi katika kila toleo, ili anayeulizwa habari za siku nyingi awe na mahali pa kuzijibu.